Nyumba ikikosa mwenyewe, mtaa mzima huyumba

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

NYUMBA moja inapopigwa mnada, hasara huonekana kuwa ya familia moja. Zinapopigwa mnada nyumba kumi katika mtaa mmoja, hasara huwa ya mtaa mzima, wakiwamo wale ambao hawakukopa hata senti moja.

Hayo ndiyo yaliyoikumba Marekani kuanzia mwaka 2007. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, mabenki na mawakala wao walikuwa wamewakopesha watu wa kipato kidogo fedha za kununulia nyumba, kwa riba iliyoanza chini na kupanda baada ya muda mfupi. Riba ilipopanda, wengi walishindwa kulipa. Mamilioni ya nyumba yakachukuliwa na wakopeshaji, na nyingi zikabaki tupu kwa kuwa hapakuwa na wanunuzi.

Katika mtaa wa Slavic Village, mjini Cleveland, nyumba zilizohamwa zilivunjwa na wezi waliofuata mabomba ya shaba ndani ya kuta. Mvua iliingia, majani yakaota uani, na jirani aliyekuwa akilipa deni lake vizuri akajikuta nyumba yake imeshuka thamani kwa sababu tu imepakana na gofu. Mwaka 2008 serikali ya nchi hiyo ililazimika kuanzisha mpango maalumu wa kuinusuru mitaa. Kwa awamu tatu hadi mwaka 2010, mpango huo ulitengewa karibu dola bilioni 7 ili halmashauri zinunue nyumba zilizotelekezwa, zizikarabati, ziziuze au zizibomoe. Sharti lilikuwa kwamba wanufaika wawe watu wa kipato cha chini na cha kati.

Msomaji wa Unguja anaweza kuuliza: hayo yanatuhusu nini? Wengi wetu tunajenga kidogo kidogo, tofali kwa tofali, bila ya kukopa benki. Ni kweli. Lakini jambo lililoiangusha mitaa ya Cleveland halikuwa mkopo wenyewe. Lilikuwa ni nyumba nyingi kubadilisha mikono kwa wakati mmoja, kisha kukosa mtu wa kuzitunza. Na hilo, Zanzibar inalijua kuliko miji mingi ya pwani hii.

Historia ya mji wetu kwa karibu miaka 100 iliyopita inaonesha kwamba mtaa hutulia pale ambapo aishiye ndani ya nyumba anakuwa na mambo matatu kwa pamoja: haki ya kukaa, wajibu wa kutunza na uwezo wa kulipia matunzo hayo. Likikosekana moja, nyumba huanza kuoza hata kama yale mawili yapo.

Kodi ya kiwanja, Ng'ambo 1928

Mfano wa kwanza unatoka ng'ambo ya pili ya Darajani, katika mitaa ambayo wakati huo ilitenganishwa na mji wa mawe kwa mkono wa bahari. Wakaazi wa Ng'ambo, wengi wao wakiwa vibarua, mafundi, wachukuzi na watu waliotoka utumwani pamoja na vizazi vyao, walijenga nyumba zao wenyewe za miti na udongo. Nyumba ilikuwa yao, lakini kiwanja kilikuwa cha mtu mwingine.

Kwa muda mrefu mpango huo haukuleta tabu. Baadhi ya viwanja vilikuwa vya wakf, na baadhi vilimilikiwa na matajiri waliowaacha watu wao wakae bure au kwa malipo madogo. Mji ulipokua na ardhi kupata bei, viwanja viligeuka biashara. Katika miaka ya 1920 kodi ya kiwanja ilipanda, na aliyeshindwa kulipa alikabiliwa na amri ya mahakama ya kuhamishwa au kubomolewa nyumba aliyoijenga kwa jasho lake.

Mwaka 1928 wakaazi waligoma kulipa kodi hiyo. Mgomo ulienea mitaani, wanawake wakiwa mstari wa mbele pamoja na wanaume, na serikali ya kikoloni ikatambua kwamba haiwezi kubomoa mji mzima. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya kudhibiti kodi za viwanja.

Somo la 1928 ni la ile nguzo ya kwanza. Watu wa Ng'ambo walikuwa na ari ya kuzitunza nyumba zao, na waliutimiza wajibu huo kila masika yalipopita. Kilichokosekana ni uhakika wa kubaki. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwapo hapo hapo hawezi kubadili makuti kwa bati, wala kuchimba choo cha kudumu.

Rehani za mashamba, 1934

Wale wanaodhani kwamba rehani ni neno la mjini watashangaa kusikia kwamba wimbi kubwa kabisa la rehani katika historia ya Unguja na Pemba lilikuwa la mashamba. Wenye mikarafuu walikuwa wakikopa kwa wafanyabiashara wa mjini, wengi wao wenye asili ya Kihindi, na kuweka mashamba rehani. Bei ya karafuu ilipokuwa nzuri, deni lilibebeka. Mdororo wa uchumi wa dunia ulipoishusha bei mwanzoni mwa miaka ya 1930, sehemu kubwa ya mashamba ikawa hatarini kuhamia kwa wakopeshaji.

Mwaka 1934 serikali iliingilia kati. Ilipiga marufuku ardhi ya Waarabu na Waafrika kuhamishwa kwenda kwa watu wa nje ya makundi hayo bila ya idhini, na ikasimamisha kwa muda utekelezaji wa rehani. Mnada ulizuiwa.

Hata hivyo, kuzuia mnada hakukumaliza deni. Mkopeshaji aliyezuiwa kuchukua dhamana yake hakuwa na sababu ya kukopesha tena, na mkulima aliyehitaji fedha za kupalilia na kuchuma alibaki hana pa kwenda. Mwaka 1937 sheria mpya iliipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu mamlaka makubwa juu ya biashara ya zao hilo. Wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, na nchini India karafuu za Zanzibar zikasusiwa. Maafikiano yalipatikana mwaka 1938.

Funzo ni kwamba kusimamisha mnada ni hatua ya kwanza tu. Humpa mwenye mali nafasi ya kupumua, lakini hakumpi uwezo. Serikali inayozuia mali isichukuliwe bila ya kumwonesha mwenye mali njia ya kulipa deni lake, imeahirisha tatizo.

Nyumba zilizobadilisha mikono, 1964

Mabadiliko makubwa kuliko yote yalikuja baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964. Wafanyabiashara na matajiri wengi wa mji wa mawe waliondoka, na serikali mpya ilitaifisha mali zisizohamishika za watu wengi, ziwe za walioondoka au za wale waliohesabiwa kuwa na nyumba kupita mahitaji yao. Mwaka 1965 ardhi yote ikatangazwa kuwa mali ya umma.

Katika nyumba zilizobaki wazi waliingizwa watu kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba. Jumba lililojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja wa tajiri, pamoja na watumishi wake, liligawanywa kwa familia nne, sita, au zaidi. Kwa waliohamia, ilikuwa ni haki iliyocheleweshwa: mtu aliyezoea kupita chini ya milango ya nakshi akiwa amebeba mzigo wa mwingine, sasa alikuwa na funguo za mlango huo.

Haki ya kukaa ilipatikana. Nguzo mbili nyingine hazikuja nayo. Mpangaji alilipa kodi ndogo sana, na nyumba ilikuwa ya serikali, hivyo hakuona kwamba paa ni jukumu lake. Serikali nayo ilipokea kodi ambayo haikutosha hata kununulia chokaa. Fedha za umma na macho ya viongozi vilielekezwa Ng'ambo, ambako Rais Abeid Amani Karume, kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, alianzisha ujenzi wa majumba ya kisasa ya Kikwajuni na baadaye Michenzani. Nia yake ilikuwa njema, kwani wengi wa wananchi waliishi huko. Lakini ndani ya mji wa mawe kila nyumba ilikuwa ya wote, na cha wote hakina mwenyewe.

Jinsi nyumba ya mawe inavyokufa

Ili kuelewa kwa nini pengo hilo lilikuwa la hatari, ni lazima kufahamu namna nyumba hizi zilivyojengwa. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa. Sakafu za juu na dari zimebebwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba: upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti.

Ukuta wa chokaa unapumua. Huvuta unyevu na kuutoa. Unahitaji kupigwa lipu na kupakwa chokaa kila baada ya muda, na paa linahitaji kuangaliwa kila mwaka kabla ya masika. Hiyo ni kazi ya kawaida, isiyohitaji mtaalamu kutoka nje. Lakini ikiachwa miaka michache, maji huingia kwenye kichwa cha boriti pale inapoingia ukutani. Boriti huoza mahali ambapo hapaonekani. Sakafu huinama, ukuta hukosa kitu cha kuushika, na ufa huanza juu ukishuka chini.

Majumba yalipogawanywa kwa familia nyingi, majiko na vyoo viliongezwa kwenye ghorofa za juu, kwa mabomba yaliyovuja ndani ya kuta ambazo hazikujengwa kwa ajili hiyo. Baadaye, waliotaka kutengeneza walitumia saruji. Saruji huziba ukuta, unyevu ukabaki ndani, na lipu ikabanduka pamoja na jiwe lake. Mbegu za miti zilizoangushwa na ndege zikaota kwenye nyufa, na mizizi ikamalizia kazi.

Hapa ndipo Kiponda na Cleveland zinapofanana. Katika mji wa mawe nyumba zinaegemeana. Aghalabu ukuta mmoja huzibeba nyumba mbili. Gofu likianguka Malindi au Mkunazini, jirani hubaki na ukuta uliokuwa wa ndani ukiwa sasa nje, ukinyeshewa na mvua ambayo haukujengwa kuikabili. Nyumba moja iliyotelekezwa huwa ni ugonjwa wa kuambukiza, na aliyeitunza nyumba yake kwa bidii hulipia uzembe wa asiyemjua.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Mji Mkongwe, usipoziba ufa wako, jirani yako ndiye atakayejenga ukuta.

Kuuzwa na kuhifadhiwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya makaazi walifanya utafiti kuhusu hali ya mji huo. Mwaka 1985 mji wa mawe ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi na ikaanzishwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Mwaka 1994 ukapitishwa mpango wa hifadhi uliotayarishwa kwa msaada wa Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan, ambao uliorodhesha majengo ya mji na kueleza lipi lilindwe kwa kiwango gani. Majengo yaliyohesabiwa yalikuwa takriban 1,700, na sehemu kubwa yalikutwa katika hali ya kuchakaa. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Hatua iliyogusa maisha ya watu zaidi ilikuwa ni uamuzi wa serikali wa kuuza idadi kubwa ya nyumba zake, kwa sharti kwamba mnunuzi azitengeneze. Mantiki yake ilikuwa wazi. Serikali haikuwa na fedha, na mwenye mali hutunza kilicho chake. Uamuzi huo uliambatana na sera mpya ya kukaribisha wawekezaji iliyoanza mwaka 1986, na utalii ukaanza kukua.

Nyumba nyingi ziliokolewa. Anayepita Shangani au Hurumzi leo anaona majumba ambayo yangekuwa vifusi. Lakini wajibu na uwezo vilikwenda kwa mnunuzi, na mnunuzi huyo mara nyingi hakuwa mpangaji aliyeishi humo. Familia iliyoingia baada ya Mapinduzi haikuwa na fedha za kununua, achilia mbali kutengeneza. Ilihama kwenda Ng'ambo, au mbali zaidi, ambako mji umekuwa ukijitanua kwa kasi. Sensa ya 2012 iliihesabu Zanzibar nzima kuwa na watu 1,303,569. Ile ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773.

Hivyo basi, mtaa uliookolewa kwa kuta zake ulianza kupoteza watu wake. Nyumba ya kulala wageni hulipa kwa usiku mmoja zaidi ya kile ambacho mpangaji wa kawaida anaweza kulipa kwa wiki kadhaa. Mwenye nyumba anayefuata hesabu hiyo hawezi kulaumiwa. Lakini nyumba za familia zikigeuka hoteli moja baada ya nyingine, skuli hukosa watoto, msikiti hukosa safu zake za alfajiri, duka la unga na mafuta ya taa hugeuka duka la vinyago, na barazani hubaki wageni wanaosubiri gari la uwanja wa ndege.

Hatari nyingine ya mtaa unaotegemea wageni ilionekana mwaka 2020, wakati safari za ndege ziliposimama duniani kwa sababu ya UVIKO-19. Hoteli zilifungwa, na pamoja nazo zikafungwa nyumba ambazo hazikuwa na mkaazi mwingine. Nyumba ya familia haifungwi kwa sababu ndege hazikutua.

Mwaka huo huo, tarehe 25 Desemba, sehemu kubwa ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati likifanyiwa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Kama jengo mashuhuri kuliko yote mjini, lenye macho ya dunia nzima, linaweza kuanguka, ni vigumu kuamini kwamba nyumba isiyo na jina katika uchochoro wa Sokomuhogo iko salama zaidi.

Mirathi: rehani isiyo na benki

Kuna chanzo kingine cha nyumba kutelekezwa ambacho hakihusiani na benki, Mapinduzi wala utalii. Ni mirathi isiyomalizika.

Tuchukue mfano. Mzee amefariki na kuacha nyumba, mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Kwa sheria ya Kiislamu mke hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane, na kilichobaki hugawiwa watoto, mwana wa kiume akipata mara mbili ya binti. Nyumba ikigawanywa katika mafungu 40, mke anapata 5, kila mwana wa kiume 14 na binti 7. Hesabu hiyo ni ya haki na haina utata.

Tatizo huja kizazi cha pili. Wana wawili wakifariki, kila mmoja akiwaacha mke na watoto wanne, idadi ya wenye nyumba inapita kumi. Mmoja yuko Muscat, mwingine Dubai, wawili wako London, watatu wako Dar es Salaam, na shangazi mmoja mzee ndiye anayeishi humo. Yeye ana haki ya kukaa, lakini hana fedha. Aliyeko London ana fedha, lakini hataki kutengeneza paa la nyumba ambayo asilimia 90 ni ya wengine. Kuuza kunahitaji ridhaa ya wote, na wote hawajawahi kukaa pamoja tangu mazishi.

Nyumba ya namna hiyo imefungwa kama iliyokamatwa na benki, ila hapa hakuna hata benki ya kuiuza. Kila mmoja anamiliki, na hakuna anayewajibika. Hati nayo huwa imebaki katika jina la marehemu. Benki haiwezi kuipokea kuwa dhamana ya mkopo wa matengenezo. Kwa hiyo ile nguzo ya tatu, yaani uwezo, imefungiwa mlango tangu mwanzo.

Nini kinaweza kusaidia

Mitaa ya Marekani iliyojitahidi kusimama tena ilitumia chombo ambacho kinafaa kuangaliwa: mfuko au shirika la umma linalopokea nyumba zilizotelekezwa, kusafisha utata wa umiliki, kisha kuzirudisha kwa wakaazi. Wilaya ya Genesee, jimboni Michigan, ilianzisha shirika kama hilo mwaka 2002, kabla ya msukosuko wenyewe. Cleveland ikafuata mwaka 2009. Kazi kubwa ya mashirika hayo ilikuwa ni kumpata mwenye nyumba, kumpa muda wa kutimiza wajibu wake, na akishindwa, kuitoa mikononi mwake kwa njia ya sheria.

Sisi hatuna haja ya kuazima kila kitu, kwa sababu hazina ya aina hiyo tunayo. Wakf ni mali iliyoondolewa sokoni daima. Haiuzwi, hairithiwi, haiwekwi rehani, na manufaa yake huenda kwa waliotajwa na mwenye kuitoa: msikiti, masikini au kizazi chake. Waingereza waliweka kamisheni ya kuzisimamia mali hizo mwanzoni mwa karne ya 20, na leo jukumu hilo liko kwa Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakf.

Nguvu ya wakf iko katika ile haki ya kukaa. Hakuna tajiri anayeweza kuinunua nyumba ya wakf na kuwatoa wakaazi wake. Udhaifu wake umekuwa katika uwezo. Kodi ikiwa ndogo kupita kiasi, hakuna kinachobaki cha kutengenezea, na nyumba iliyokusudiwa kumpa thawabu marehemu huishia kuwaangukia waja wa Mungu. Kutunza asili ya wakf ni katika kuitii nia ya aliyeutoa, na kodi inapaswa kukadiriwa kwa kuzingatia kwanza gharama za paa na kuta.

Mfano wa karibu wa ardhi isiyouzwa lakini yenye wakaazi wenye haki unapatikana Kenya. Katika mji wa Voi, mtaa wa Tanzania-Bondeni ulikuwa makaazi holela hadi wakaazi wake walipochagua, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kuimiliki ardhi kwa pamoja. Kila familia ina nyumba yake na inaweza kuiuza au kuirithisha, lakini ardhi hubaki ya jumuiya. Lengo lilikuwa kuzuia jambo linalotokea kila mara mitaa ya masikini inapopimwa na kupewa hati: wenye shida huuza haraka kwa bei ya kutupa, na baada ya miaka michache mtaa huwa na sura nzuri na watu wengine kabisa.

Zanzibar imekwishapitisha sheria kadhaa zinazoweza kutumika. Sheria ya mwaka 2010 ya Mji Mkongwe inaipa Mamlaka nguvu ya kusimamia matengenezo. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya umiliki wa sehemu za jengo, inayomwezesha mtu kumiliki ghorofa moja ndani ya jumba la wengi. Kwa nyumba kongwe iliyogawanywa kwa familia sita, sheria hiyo inaweza kuwa ufunguo, mradi paa, ngazi na kuta viwe na chombo kimoja cha kuvitunza na mchango wa kila mwezi usiokwepeka. Bila ya mchango huo, familia sita zenye hati sita zitakuwa zimerudi pale pale pa mwaka 1964.

Kwa upande wa mirathi, dawa ni kuimaliza mapema. Warithi wanaweza kukubaliana kumteua mmoja wao awe msimamizi mwenye uwezo wa kisheria wa kukodisha sehemu ya nyumba na kutumia kodi hiyo kwa matengenezo, kabla ya gawio lolote kwenda kwa yeyote. Wanaweza pia kununuana mafungu, ili wanaoishi humo wawe wengi wa hisa. Jambo hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji kikao cha ukoo, karatasi iliyosainiwa, na kadhi au wakili mmoja.

Kwa upande wa serikali na wafadhili, uzoefu unaonesha kwamba fedha ndogo zinazokuja kwa wakati hushinda fedha kubwa zinazokuja baada ya maafa. Kubadili boriti chache na kuziba paa ni kazi ya mafundi wawili watatu na vibarua wao. Kulijenga upya jumba lililoanguka ni mradi wa mamilioni, wenye makandarasi, washauri na hotuba. Mfuko wa mikopo midogo isiyo na riba kwa ajili ya paa na mabomba tu, unaotolewa kabla ya masika kwa wakaazi walio tayari kubaki, ungeweza kuokoa nyumba nyingi kuliko mnada wowote. Sehemu ya mapato ya utalii, sekta iliyoleta wageni zaidi ya laki sita mwaka 2023, ingefaa irudi kwenye kuta ambazo wageni hao wanakuja kuzitazama.

Mwisho, ipo haja ya kubadili namna tunavyohesabu mafanikio. Ripoti za hifadhi huhesabu majengo yaliyokarabatiwa. Ni vyema kila ripoti ioneshe pia idadi ya familia zilizokuwamo ndani kabla ya ukarabati na idadi iliyobaki baada yake. Hesabu hiyo ya pili ndiyo itakayoeleza kama tumeokoa mtaa, au tumeokoa mawe.

Masika hayasubiri vikao. Kabla ya mvua zijazo, kila mwenye fungu katika nyumba ya Kiponda, Vuga au Malindi, awe anaishi humo au yuko ughaibuni, anaweza kuanza na swali moja kwa ndugu zake: nani kati yetu amepanda juu ya paa mwaka huu? Jibu likiwa hakuna, nyumba hiyo tayari imeshaanza safari ya kwenda kwenye mnada, hata kama hakuna dalali aliyeitwa.